Simbilisi wawili, mfarishi mmoja, sebule moja: majibu ya mwezi huu

Barua za safari hii zimekuja kwa mikupuo miwili, za washonaji wa mifarishi (yale mablanketi ya vipande vya vitambaa, quilt) na za wenye wanyama. Nimezichanganya makusudi. Mwaka jana hapa kwangu Leeds nililea kwa muda simbilisi (guinea pig) wawili wa kituo cha wanyama, na mambo hayo mawili yalikaa sebule moja tangu Machi hadi Juni, na sijui tena namna ya kuyatenganisha.

Kituo cha wanyama hapa Leicester kimeniomba niwalee kwa muda simbilisi wawili wa kike, kuanzia mwezi huu mpaka mwisho wa Mei, wakati wanatafutiwa mwenyewe. Nami nimeshaanza kushona mfarishi wa mjukuu ninayemtarajia Juni. Nyumba yangu ni sebule moja na chumba kimoja. Nikubali, au nitaharibu vyote viwili?
*Bibi mtarajiwa, Leicester*

Kubali, dada. Ila anza na sindano ya mkono. Cherehani iache kwanza.

Simbilisi ni mnyama wa kuliwa. Kule milima ya Andes alikotoka anawindwa toka juu na toka chini, na hilo analijua hata akizaliwa ndani ya nyumba yenye zulia. Ukienda kumchungulia, hata kwa mapenzi, yeye anaona macho mawili yamemkazia, basi anaingia kibandani hatoki. Wangu walikaa siku nne nikiona pua tu. Nikawabembeleza kwa sauti, nikawanyooshea jani la koriander, wapi! Siku ya tano nilichoka nao. Nikachukua vipande vyangu, nikakaa sakafuni, mgongo kwenye redieta, nikaanza kuunga. Macho yote kwenye mshono. Ikapita kama nusu saa, nikasikia kru, kru, kru: mtu anatafuna nyasi. Sikuinua kichwa.

Siri yote ni hiyo. Kushona kwa mkono kunakuweka mahali pamoja muda mrefu, umetulia, huwatazami, na mikono ina kazi isiyowahusu. Hadi Jumapili ile saa zinaposogezwa mbele, yule mweupe alikuwa anakuja mbio kwenye wavu kila akisikia mkasi ukifunguka, kwa sababu mkasi huohuo ndio niliokatia pilipili hoho yao. (Naam, mkasi wa kitambaa. Washonaji mnisamehe, nilinunua mwingine.)

Cherehani niliileta wiki ya tatu. Ngurumo yake hupita mezani ikashuka mpaka sakafuni, nao wanaisikia kwa miguu kabla ya masikio. Niliikalisha juu ya taulo lililokunjwa mara nne, nikaanza na mishono mifupi mifupi. Siku ya kwanza walikimbia, siku ya tatu walinyanyua vichwa, baada ya hapo nikawa redio tu.

Sasa hatari. Ya kwanza ni pini. Mimi nilikuwa nazihesabu: 40 zinatoka kwenye kopo, 40 zinarudi. Jioni moja zikarudi 39. Nilipekua nyasi za banda zima, unyasi kwa unyasi, na tochi ya simu mdomoni, mpaka saa sita usiku. Niliikuta imenasa kwenye soksi yangu. Tangu hapo, tabaka tatu za mfarishi (uso, pamba ya katikati na mgongo) nazipiga bandi kwa uzi mweupe, mishono mirefu ya kulegea, na pini hazivuki mlango wa chumba cha kulala. Usiniambie utakuwa mwangalifu. Mimi nilikuwa mwangalifu.

Ya pili ni mapunye. Simbilisi huyapata, na yanahamia kwa binadamu bila kubisha hodi. Kabla hujawapokea, uliza kama wamekaguliwa mapunye na utitiri, na wewe mwenyewe angalia kuzunguka pua, macho na masikio kama kuna mabaka yasiyo na manyoya. Mfarishi unaoulaza magotini siku nzima ndio utamfunika mtoto mchanga. Kwa hiyo ukimaliza kushona, ukunje uutie ndani ya foronya safi. Nguo uliyowashikia wanyama si nguo ya kushonea. Na siku ya kuukabidhi uufue kwanza. Vumbi la nyasi kavu nalo hupenda sana pamba.

Chakula chao hakitakusumbua. Nyasi kavu, zile wafugaji wetu wanaita hei, zisikatike usiku wala mchana, maana meno yao hayaachi kukua na hiyo ndiyo tupa yao. Mwili wao hautengenezi vitamini C, kama wetu tu, kwa hiyo kila siku kipande cha pilipili hoho na majani mabichi. Ya kutia kwenye maji usinunue, huharibika upesi na wengine huyasusa maji. Majani ya nje yakianza kuchipua, wape dandelion, yale magugu ya maua ya njano yanayopasua lami kila mahali. Nyasi mbichi anza na kiganja kimoja, uongeze siku hadi siku, la sivyo utafagia usichopenda kufagia. Zilizokatwa kwa mashine usiwape kabisa, huanza kuchacha zikiwa bado kwenye mfuko. Na maua ya dafodili unayoyaona yamejaa bustanini ni sumu.

La mwisho: neno "wa kike wawili" lipokee kama unavyopokea ahadi ya fundi. Nami nilipewa wa kike wawili, na kweli walikuwa wa kike. Ila asubuhi ya tarehe 19 Aprili nilikwenda na pilipili hoho nikakuta watano. Mimba yao ni siku 59 hadi 72, kwa hiyo alikuja nayo, na pale kituoni hakuna aliyemshika tumbo. Vitoto vyao si kama vya panya. Vinazaliwa na manyoya yote, macho wazi, na siku hiyohiyo vinatafunatafuna nyasi. Niliwapima kwenye mizani ya unga: gramu 94, 88 na 71. Wa 71 nilimpima kila asubuhi kwa wiki mbili kabla hata ya kunywa chai. Madume inabidi uwatoe kwa mama yao wakifika wiki tatu, maana umri huo wanaweza kumpa mimba mama na dada zao. Dume alikuwa mmoja. Nilimhamishia pamoja na dume mzee wa kituo, wakaelewana.

Kwa hiyo, dada, mfarishi wa Juni ujitahidi uwe umeunganika kabla ya Pasaka.

Shikamoo Bi. Marehemu mama ameniachia doti kumi za kanga. Nataka kuzikata nishone mfarishi wa kitanda. Shangazi yangu hataki hata kusikia. Asema kukata jina la kanga ni kumkatiza marehemu maneno yake. Na nyingine zachuja rangi. Nifanyeje?
*Binti wa Mombasa*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Shangazi yako ana haki, na wewe una haki, na doti ina pande mbili. Kata upande mmoja wa kila doti, mwingine ubaki mzima sandukuni. Hapo hakuna jina litakalopotea.

Hesabu yake hii. Mfarishi wa inchi 60 kwa 80, ukiushona kwa miraba ya inchi nne, unataka miraba 300: kumi na tano kwa upana, ishirini kwa urefu. Kanga kumi, kila moja miraba 30. Kata inchi nne na nusu, kwa sababu mshono unakula robo inchi kila upande. Kanga ina nafasi ya kutosha, kwa hiyo usianzie popote tu. Lala nayo chini uiangalie. Toa miraba kwenye mji na kwenye pindo, na jina likate kama utepe mzima, toka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, uliweke kando. Tepe hizo kumi ndizo utakazozungushia mfarishi kama fremu. Mtu akiulalia anasoma. Mgongo wake usiukate vipande: unga kanga mbili nzima nyingine, uongeze kipande pembeni kwa sababu utapungukiwa kidogo.

Kuhusu kuchuja. Chumvi na siki tumezirithi kwa mama zetu, lakini kwa kanga za siku hizi hazizuii kitu. Fua kila kanga peke yake, maji hadi maji, mpaka beseni libaki jeupe. Kisha lowanisha pembe moja, iweke juu ya kitambaa cheupe, ipige pasi. Ikiacha alama, irudi kwenye beseni. Ile nyekundu ambayo haitaki kukoma (kila sanduku linayo moja) iache kabisa, isije ikakuharibia tisa. Na ufue kabla ya kukata. Kanga hurudi ikiingia maji, na ukiishona kabla haijarudi mfarishi utajikunja kama uso wa mtoto anayetaka kulia.

Katikati usiweke pamba nene tunayoweka sisi huku kwenye baridi. Kwa joto la Mombasa, shuka kuukuu la pamba linatosha. Na nunua kastabini, ile kofia ya kidole ya kusukumia sindano. Siku mbili za kwanza utaiona kero, ya tatu utaitafuta.

Mama, picha yako ya simbilisi amelazwa kwenye kitambaa cha maua imezunguka mpaka kwetu Njombe. Huku tunawakaanga. Umesahau ulikotoka?
*Jirani wa zamani*

Sijasahau hata harufu. Jikoni kwa bibi yangu Kilolo walikuwa wanapita katikati ya mafiga, na ukiingia na mboga ya majani wote wanapiga filimbi kwa pamoja. Nimekula, na nyama yake ni tamu, wala sitajifanya vingine kwa sababu sasa naishi Leeds. Hao wenyewe waliowafuga kwanza, watu wa Andes, waliwafuga wawale, na wanawala hadi leo. Ndani ya kanisa kuu la Cusco, huko Peru, kuna mchoro wa karne ya 18 wa Karamu ya Mwisho, na sahanini mbele ya Yesu amelala mnyama ambaye wengi humtambua kuwa simbilisi.

Hawa wa kwangu ni amana. Ningeachiwa kuku wa jirani nimlee nisingemchinja pia. Ila nawe nikuambie la faida: dume uliyenaye badilishana na mwenzako wa kijiji kingine, usimwache akazaa na mabinti zake mwaka hadi mwaka. Bibi alikuwa anafanya hivyo kila baada ya mavuno, na wa kwake walikuwa wanene kuliko wa mtaa mzima.

Simbilisi wangu hajala tangu jana jioni na amejikunyata. Nimempa kidonge cha amoksilini nilichobakiza. Nisubiri Jumatatu?
*Msomaji, Reading*

Huyu nilimpigia simu palepale. Nachapisha kwa ajili yenu wengine. Usisubiri. Utumbo wa simbilisi ukikaa mtupu kwa saa 12 unaanza kusimama, na ukisimama kuuamsha ni kazi. Ni daktari wa wanyama siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili na bei ni ya Jumapili. Na dawa za ukoo wa penisilini, amoksilini ikiwemo, zinaua bakteria wanaomsagia chakula tumboni na kumwachia wabaya. Zinaweza kumuua kabla ugonjwa haujamuua. Mwambie daktari ulichompa, usione haya.

Ndiyo maana nawapima kila Jumapili na kuandika daftarini. Manyoya hudanganya. Mizani husema wiki nzima kabla.

Mwaka jana uliahidi kutuonyesha mfarishi wako wa vipande tisa ukiisha. Mbona kimya? Na hao vitoto je?
*Msomaji wako wa Toronto*

Haujaisha. Nilikusudia viraka 42, kila kimoja cha vipande tisa, na nina 39, na hivyo vitatu najua vilipo: vilikuwa zamu ya wiki ile ya gramu 71, vikawekwa juu ya kabati, vikafunikwa na mengine.

Mama, shangazi na yule wa 71, ambaye siku ya kuondoka alikuwa na gramu 410, walichukuliwa pamoja na familia moja mwezi wa Juni. Dada yake alikwenda kwa bibi mmoja aliyekuwa na mwingine amefiwa na mwenzake. Banda nililisugua nikalianika uani. Kesho yake nilikaa palepale kwenye redieta nikafungua mkasi, nikanyamaza kidogo nione nani anakuja.

Juzi kituo kimepiga tena. Dume mmoja, umri haujulikani, anauma. Nimewaambia wamlete Alhamisi, nikishamaliza kupiga bandi.