Kilimo hai mezani: pesa yako iende kwenye mboga zipi

Kwa familia inayoishi kwa mshahara wa kawaida hapa Dar es Salaam, kununua kila kitu cha kilimo hai, yaani kilicholimwa bila dawa wala mbolea za viwandani, ni kujiumiza bure. Nimelisha watoto kwa bajeti hiyo na najua inavyobana. Lakini zipo mboga ambazo nalipia bei ya juu bila kusita, hata zikifika karibu mara mbili ya zile za sokoni, na ningependa kila mzazi ajue ni zipi na kwa nini.

Ya kwanza ni nyanya. Tangu kantangaze aingie nchini mwaka 2014, mkulima wa nyanya hana usingizi. Mdudu huyu hujificha ndani ya jani na ndani ya tunda lenyewe, na amekuwa sugu kwa dawa nyingi, kwa hiyo mtu anachanganya dawa mbili tatu kwenye pampu moja na kupulizia tena na tena. Kila chupa ya kiuatilifu ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo, yaani siku ambazo lazima zipite kati ya kupulizia na kuvuna. Sasa bei ikipanda ghafla na lori limeshafika shambani, ni nani atasubiri? Chukua nyanya sokoni uigeuze, utazame pale kwenye kikonyo. Mara nyingi utakuta unga mweupe au wa bluu umekaukia kwenye kile kishimo. Hiyo ni dawa, mara nyingi ya ukungu, na ndiyo tunayokatia kachumbari.

Simlaumu mkulima. Yeye ndiye anayebeba pampu mgongoni, mara nyingi bila glavu wala barakoa, na sumu inamfikia kabla haijanifikia mimi. Kwa kweli hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kununua kilimo hai ninapoweza: faida ya kwanza ni ya yule aliyelima.

Kuhusu afya ya mlaji, tusidanganyane. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipitia tafiti zaidi ya 200, wakakosa ushahidi mzito kwamba vyakula vya kilimo hai vina virutubisho vingi kuliko vingine. Walichokiona ni mabaki machache ya viuatilifu. Mwaka 2014 kikundi kilichoongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, kilipitia tafiti 343 na kukuta pia kwamba kadmiamu, metali yenye sumu, ilikuwa imepungua, hasa kwenye nafaka. Kwa hiyo ukinunua mchicha wa kilimo hai ukitegemea vitamini za ziada, huenda hutazipata. Unachonunua ni kupunguza sumu, na hilo lina uzito zaidi kwa mtoto, maana kwa kila kilo ya mwili wake anakula kuliko wewe.

Ndiyo maana nimeamua hivi. Vinavyoliwa na ganda lake, vibichi, na karibu kila siku, natafuta vya kilimo hai: nyanya, hoho, mboga za majani, karoti za kutafuna watoto. Ndizi, parachichi, nanasi na tikiti nanunua popote, kwa sababu sehemu kubwa ya dawa hubaki kwenye ganda ninalolitupa. Vitunguu maji vivyo hivyo.

Halafu kuna kuamini. Nembo ya Kilimohai ilianza kutumika Afrika Mashariki mwaka 2007, pamoja na viwango vya kanda, na hapa Tanzania inasimamiwa na TOAM, shirika la wadau wa kilimo hai nchini. Wakulima wadogo hawawezi kumudu gharama za wakaguzi wa kampuni, kwa hiyo wengi wako kwenye vikundi vinavyokaguana vyenyewe, shamba kwa shamba. Mimi naheshimu mfumo huo. Jirani anajua vizuri nani alionekana na pampu alfajiri. Ila muuzaji akikwambia nyanya zake ni za kienyeji, hajakwambia zimepuliziwa nini. Muulize zimetoka wapi na dawa ya mwisho ilipigwa lini. Na muulize maji. Mchicha uliomwagiliwa maji machafu ya Bonde la Msimbazi hauwi salama kwa sababu tu haukupigwa dawa.

Hata zenye nembo zioshe. Kilimo hai hutumia samadi, na samadi isiyoiva inaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Nyanya na matunda ya ganda laini mimi nayaloweka kwa robo saa kwenye maji yenye baking soda kidogo, ile ya kuumulia keki, kisha nayasuuza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walijaribu njia hiyo kwa tofaa mwaka 2017, ikaondoa mabaki ya juu vizuri kuliko maji matupu. Yaliyokwisha kuzama ndani ya ganda hayakutoka yote.

Kitu kimoja kinanisumbua kuliko vyote, na nembo haikigusi kabisa: mahindi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Kuchemsha hakuiondoi. Ukiwa na pesa ya ziada mwezi wa mavuno, kabla ya kuifikiria hoho ya bei mbaya, nunua mahindi yaliyokauka sawasawa, chambua yenye rangi na yaliyovunjika, uyatie kwenye mifuko ya PICS isiyopitisha hewa. Ifunge kila tabaka peke yake, kwa nguvu, na usiifungue kwa wiki kadhaa za mwanzo. Dumuzi watakufa kwa kukosa hewa, na hutahitaji kuchanganya unga wa dawa kwenye chakula cha mwaka mzima.