Re: Mbona simpati "Admirali" Mwathethe wa Kenya?

Habari mkuu. Umekwama kwa kumtafuta Samson Mwathethe kama admirali, yaani cheo cha juu cha wanamaji katika nchi nyingi. Kagua cheo kwanza: Jeshi la Wanamaji la Kenya hutumia vyeo vya jeshi la nchi kavu, kwa hiyo hata kamanda wake huwa Meja Jenerali. (Inachanganya kweli, mtu wa meli kuitwa jenerali.)

Mimi maafisa hawa huwafuatilia kwa wadhifa na mwaka, kwani cheo hubadilika wakipanda. Mwathethe aliongoza wanamaji, 2011 akawa Naibu Mkuu wa Majeshi, kisha Mkuu wa Majeshi 2015 hadi 2020, akiwa Jenerali kamili. Usimchanganye na Joseph Kibwana, mwanamaji pia, aliyeongoza majeshi 2000 hadi 2005. Enzi zake wadhifa huo ulikuwa na jina jingine.