Methadone ni tiba, ila ina masharti yake

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki liliuliza kama methadone, dawa ya kunywa wanayopewa waraibu wa heroini, ni tiba, au ni serikali kumpa teja ulevi wa bure. Ni tiba. Ni kweli iko kundi moja na heroini, na ndiyo maana sheria inaibana. Tofauti iko kwenye saa.

Stimu ya unga, yaani heroini, haidumu. Saa sita hadi 12 baada ya kete ya mwisho, arosto, yaani mwili kudai dawa, inaanza: miayo, makamasi, tumbo kukata, mifupa kuuma. Anayeiba sufuria ya mama yake saa hiyo hatafuti raha tena, anakimbia maumivu. Methadone hupanda taratibu na hutuliza arosto kwa saa 24 au zaidi, kwa hiyo dozi moja ya kunywa mbele ya mtoa dawa inamfikisha kesho, na sindano za kuchangia, zinazoeneza VVU na homa ya ini, anaachana nazo.

Hatari kubwa ni wiki mbili za mwanzo. Siku ya kwanza dozi kwa kawaida haizidi miligramu 30, hata mgonjwa alalamike vipi, kwa kuwa siku zinazofuata ya jana huwa haijaisha mwilini na ya leo inajazia juu yake. Akichanganya na gongo au vidonge vya kutuliza vya diazepamu, pumzi inaweza kukatika usingizini. Ukiona anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi na haamki, mlaze ubavu na mumkimbize hospitali akachomwe naloksoni, dawa inayozima nguvu ya methadone.

Kuna jambo familia nyingi hazilijui: TB. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hulifanya ini liivunje methadone haraka, hivyo mtu aliyekwisha tulia anaanza tena arosto, na nyumbani wanamshutumu kwamba amerudi kijiweni. Aieleze kliniki, dozi ipandishwe. Akimaliza dawa za TB ishushwe, maana ileile iliyomtosha sasa yaweza kumuua.

Hapa Mwanza huduma iko Hospitali ya Sekou Toure, na ni bure. Kwa mvuvi wa dagaa anayelala kambini visiwani, kufika kila siku ni mtihani. Akikosa siku tatu mfululizo, mwili umeanza kuisahau dawa, kwa hiyo asidai dozi yake ya zamani; apimwe upya kwanza. Kwa maoni yangu, dawa ingepaswa kuwafuata wavuvi mialoni.

Kwa bangi na mirungi methadone haisaidii kitu. Anayetumia hizo mpelekeni kitengo cha afya ya akili.