Nimetoka ndani, nisimulie au ninyamaze?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni kijana wa Masasi, nilihukumiwa miaka 6 kwa kuvunja ghala la korosho la chama cha msingi cha ushirika, mlinzi tulimfunga kamba. Nikatumikia 4 maana theluthi moja ilipunguzwa, ndani nikawa mpaka nyampara. Sasa kuna jamaa wanarekodi video za watu waliotoka jela, wananiita Mtwara mjini nikasimulie maisha yangu yote. Mi natamani kweli maana naona wadogo zangu wameanza kangomba, ule ununuzi wa magendo wa korosho za wakulima kwa bei ya chini, wanapima na vibakuli vyao kama nilivyoanza mimi. Ila mama analia, anasema namfukulia aibu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, karibu nyumbani. Mi nakwambia simulia, ila si wiki hii na si yote.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mama umemuandika, wadogo zako umewaandika, hao wa kamera pia, mlinzi umempa maneno matatu tu. Yule mzee yupo hapo hapo Masasi, siku moja mjukuu atamuonyesha simu na atamuona aliyemfunga kamba anahojiwa kama shujaa. Kwetu Kusini mjomba ndo mwenye neno, basi mchukue mjomba wako muende kwake kwanza, kaa chini, omba msamaha, usiende na kamera. Akikataa kukuona rudi kimya, na akisema asitajwe, usimtaje hata kwa mafumbo, maana mji mdogo huo watu watamjua tu. Na wenzako mliolala nao selo moja majina yao yaache huko huko, wengine bado wana rufaa.

Halafu ukianza kusimulia usikae sana kwenye uji na kulala chini, hayo vijana wanayasikia kama sinema. Waambie ilivyoanza. Nani alikupa hela ya kwanza ya kangomba, ulipitaje kwa mama mwenye mgonjwa mwezi wa 7 ukanunua korosho zake kwa bei ya kutupa wakati bado ziko mtini, siku mzigo ulipopungua na tajiri anataka chake ukaanza kuliangalia lile ghala. Hapo ndo mdogo wako atajiona, na mi nakuomba hapo usifiche kitu hata kama inakuuma.

Hao wa video waandikishiane na wewe kabla, uione kwanza ndo itoke. Taarifa za makosa ya jinai ya mtu ni taarifa nyeti kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, usiwaachie hivi hivi.

Mama msimulie yeye kwanza, yote, jikoni, mkiwa wawili. Nahisi analia kwa sababu hajawahi kuisikia kwako, kaisikia mahakamani na kwa majirani.

Ukitoka kwa yule mzee niandikie alivyokupokea.