Mama asije Desemba

Dada yangu, na nyote mlioko nyumbani Langoni,

Asalaam aleikum. Swali lenu ni moja, mmeniuliza mara tatu: wewe kwa simu, kaka kwa ujumbe, na Mama mwenyewe kwa sauti aliyorekodi huku punda wakilia nyuma yake. Shule za huku zinafungwa wiki mbili, watu wengi hawaendi kazini, basi kwa nini Mama asipande ndege Desemba aje Leicester, huku Uingereza, akae na wajukuu zake? Kila mkiniuliza nimekuwa nikibabaika. Leo nawajibu wazi: asije Desemba, aje Juni.

Najua watakuwepo watakaosema nimeshageuka Mzungu, namfungia mamangu mlango. Nisomeni kwanza.

Mnadhani naogopa baridi. Baridi ina nguo zake, na nguo nitamnunulia. Ninachokiogopa ni nyumba. Nyumba yetu hapo Lamu inapumua. Upepo wa kaskazi unaingia madirishani, unazunguka kiwandani, ule ua wa ndani, unatokea dakani mlangoni. Mama anafukiza udi chetezo kikaishia chenyewe, jikoni makaa yanawaka tangu alfajiri, na hakuna aumwaye kichwa. Huku dirisha lina vioo viwili na mpira pembeni, na mlango una brashi chini, maana joto ni pesa. Umeme na gesi yetu ni ya kulipia kwanza kama tokeni za huko, na wiki ya baridi kali naona salio likishuka kama maji ya mtungi uliotoboka. Kwa hiyo kila mtu anaziba. Na nyumba iliyozibwa haikusamehe ukiishi ndani yake kama unavyoishi Lamu.

Nina jambo sijapata kuwaambia. Mwaka wangu wa kwanza, nilipokuwa katika mji mwingine, tulikuwa watatu katika chumba kimoja. Hita ikaharibika wiki ya mwisho ya Desemba. Tukampigia mwenye nyumba mara sita. Jibu lake, mafundi wako likizo. Usiku ule mwenzetu mmoja, kijana wa Malindi, akatoa jiko dogo la makaa tulilokuwa tukichomea nyama nje siku za joto. Tukaliwasha uani, tukangoja moshi uishe, makaa yakawa mekundu mazuri, ndipo tukaliingiza chumbani. Tulijua, kama mjuavyo nyinyi, kwamba makaa yakishakuwa mekundu hayana neno. Tukaziba chini ya mlango kwa taulo, tukalala.

Niliamshwa na kishindo. Yule kijana alikuwa ameamka kwenda haja, akaufungua mlango, akaanguka pale pale kizingitini. Nikataka kuinuka, miguu haikunitii. Kichwa kilikuwa kikigonga kama mchi kinuni, na ukuta ulikuwa ukienda na kurudi. Nilitambaa. Nakumbuka zulia mdomoni. Tuliamkia hospitali, kila mmoja na barakoa ya oksijeni usoni, na daktari akatueleza: makaa mekundu hutoa kaboni monoksaidi hata pasipo moshi wowote. Haina rangi, haina harufu, na damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Mtu hulala tu, akaendelea kulala. Lau kijana wa Malindi hakubanwa na haja usiku ule, mngepokea majeneza matatu pale jeti.

Siku ya pili Mama alipopiga simu nilimwambia nina mafua. Dada, nisamehe, na umwombe anisamehe.

Tangu hapo sikai nyumba isiyo na king'ora cha hewa hiyo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022 sheria ya England inamlazimu mwenye nyumba akiweke katika chumba chenye boila ya gesi, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, na tangu kabla ya hapo ni lazima boila yenyewe ikaguliwe kila mwaka na fundi mwenye leseni. Mimi nimeongeza changu cha pili karibu na vyumba vya kulala. Watoto wanaijua sauti yake na wanajua la kufanya: toka nje, piga 999, simu ya dharura ya huku. Na wanaijua dalili: nyumba nzima mkiumwa kichwa na kichefuchefu pamoja, homa hamna, na mkitoka nje mnapata nafuu, hayo si mafua.

Sasa mfikirieni Mama. Ijumaa haimpiti bila udi. Mimi niko kazini, mume wangu yuko kazini, naye atataka kutufurahisha, atawasha makaa kwenye chetezo na dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi. Mtoto wangu mdogo ana pumu. Kipo chetezo cha umeme na nimeshakinunua, lakini moshi wa udi unabaki kuwa moshi, na kifua cha mtoto hakiuhimili.

Kuna na ukungu, ule weusi unaoota ukutani. Ukianika nguo ndani, ukichemsha wali bila kufunika, mvuke unagandia ukuta baridi na wiki mbili baadaye pembe imekuwa nyeusi. Rochdale, mji wa huku huku England, mwaka 2020, mwezi huo huo wa Desemba, mtoto wa miaka 2 alifariki, na uchunguzi ukathibitisha mwaka 2022 kwamba ni ukungu wa nyumba aliyokuwa akiishi. Ndiyo maana mkinipigia asubuhi mnaniona na koti ndani ya nyumba: nafungua madirisha dakika kumi, baridi iingie, mvuke utoke.

Maradhi ya msimu nayo yapo. Mafua makali watoto wanachanjwa shuleni. Chanjo yenyewe ni ya kupuliza puani na ina jelatini ya nguruwe. Tuliuliza, tukapewa ya sindano isiyo nayo. Hili mwambieni na shangazi, aliwahi kunisema. Na kuna virusi vya kutapika na kuharisha ambavyo jeli ya mikono haiviui, ni sabuni na maji tu. Mtoto akishapona anakaa nyumbani saa 48 zaidi. Je, Mama atakubali wajukuu wasimbusu mkono siku hizo? Nitamzuia vipi, na ndicho alichokifuata?

Halafu giza. Desemba jua linatoka saa mbili na zaidi asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Yaani saa mnayoswali alasiri nyinyi, sisi magharibi imeingia. Mama amezoea barazani, anapishana salamu na kila apitaye. Hapa atakaa nyuma ya kioo aone mtu mmoja na mbwa. Sisi wenye ngozi nyeusi na tunaojistiri tunashauriwa kunywa vitamini D, mikrogramu 10 kila siku, lakini vidonge havitamletea jirani wa kuzungumza naye. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu mimi mwenyewe nalijua.

Na presha yake. Baridi hukaza mishipa na presha ikapanda. Akiwa mgeni, kuonwa kitengo cha dharura ni bure, ila akilazwa analipa, na mgeni hutozwa asilimia 150 ya gharama. Tarehe 25 Desemba mabasi hayatembei sehemu nyingi, na zahanati na maduka ya dawa mengi yamefungwa. Dawa ikimwishia siku hiyo nitaipata wapi?

Juni madirisha yako wazi. Magharibi ni saa tatu na nusu usiku, watoto wanacheza nje mpaka wanachoka, na jirani zangu wanatoka na viti. Udi atafukizia bustanini mpaka aridhike. Nimeanza kuweka pesa ya tiketi.

Lakini namjua Mama. Akishika la kwake, Desemba atakuja, na akija nitampokea kwa mikono miwili. Basi aje na bima ya safari, dawa za siku zote na wiki mbili za ziada, na karatasi ya daktari. Makaa asifunge mzigoni hata kidogo. Na makubadhi ayaache, njia za huku asubuhi zina barafu isiyoonekana na nyonga ya mtu wa miaka 68 haiungiki upesi. Mpimeni unyayo kwa uzi, mguu wa kulia, akiwa amesimama. Uwekeni uzi juu ya rula mnipigie picha, nimnunulie viatu mapema.