Kuzuia au Kuficha Matangazo? Siri au Faragha?

SWALI: Maelezo ya programu moja ya kuongeza kwenye kivinjari yanasema kwamba "inaficha matangazo na kulinda siri za mtumiaji". Mwenzangu anasisitiza iandikwe "inazuia matangazo na kulinda faragha". Je, si maneno yaleyale?

JIBU: Si maneno yaleyale, na mwenzako ana haki ya kusisitiza.

Tuanze na vitenzi. Ukurasa wa wavuti hauji ukiwa kitu kimoja: kivinjari hupokea maandishi yake, kisha hutuma maombi kwa seva nyingine (kompyuta zinazohifadhi na kutoa maudhui ya wavuti) ili kiletewe picha, video na matangazo. Programu uliyoitaja hulinganisha kila ombi na orodha ya anwani zilizokatazwa, na ombi linaloelekea kwenye anwani iliyomo halitumwi kabisa. Huko ndiko kuzuia, yaani kukikomesha kitu kabla hakijapita. Kuficha ni kukifanya kilichokwisha kufika kisionekane. Programu hizo huficha pia, kwa mfano zinapoondoa nafasi tupu iliyoachwa na tangazo; lakini tangazo lililoletwa ndipo likafichwa limekwisha kuwasiliana na seva yake, na seva hiyo imekwisha kuiona anwani yako ya intaneti.

Tazama picha ya ufuatiliaji, yaani ile inayowekwa kwenye ukurasa ili kujua nani ameufungua, yenye ukubwa wa pikseli (nukta ya skrini) 1 kwa 1. Jicho haliioni, kwa kuwa aliyeiweka hakukusudia ionekane. Hapo hakuna kilichobaki cha kuficha. Kilichobaki ni kuizuia isipakuliwe. Ndiyo sababu naona kitenzi "inaficha" kinampotosha msomaji katika jambo analopaswa kulijua kwa usahihi. Mahali panapokifaa ni kwenye jina "hali fiche", ile namna ya kivinjari ya kuvinjari bila kuacha kumbukumbu kwenye kifaa, kwani hali hiyo huacha kuhifadhi historia ili anayetumia kifaa hichohicho baadaye asiione, ilhali tovuti ulizozitembelea bado zinakuona.

Siri ni jambo lenyewe ambalo mwenyewe hataki lijulikane, kama vile nywila; huwekwa, hutunzwa, hutoboka. Faragha ni hali ya mtu kuwa na nafasi yake pasipo kuingiliwa, na neno hilo tumelipata kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuwa tupu au kuwa na wasaa. Tunasema "alimwita faragha" hata kama walichozungumza si siri.

Tofauti hii ni nzito kuliko ile ya vitenzi. Vidakuzi, yaani data ndogo ambazo tovuti huzihifadhi kwenye kivinjari chako, vilivyobuniwa mwaka 1994 na mtayarishaji programu Lou Montulli alipokuwa katika Netscape, kampuni ya kivinjari, viliiwezesha tovuti kumkumbuka mgeni wake, na hilo peke yake halina ubaya. Lakini vikiwekwa na kampuni nyingine iliyomo katika tovuti nyingi, kampuni hiyo huweza kuunganisha kurasa ulizosoma kuhusu maradhi, dini na madeni, ilhali hakuna hata moja uliyoisoma kwa kujificha. Hakuna siri iliyofichuka, ila faragha imevunjwa. Anayesema "sina siri, nizuie nini?" amejibu swali ambalo hakuulizwa, na maelezo yanayotaja "siri" ndiyo yanayomsukuma kujibu hivyo.

Ningeiandika sentensi hiyo hivi: "Programu hii huzuia matangazo na vifuatiliaji, hulinda faragha ya mtumiaji, na humwachia yeye mwenyewe uamuzi wa kipi kizuiwe na kipi kiruhusiwe."