Dopamini ya kwenye damu haionyeshi ADHD

Swali: Daktari, nina miaka 34. Tangu utotoni naanza kazi siimalizi, na kwenye mikutano akili huhama. Nimepimwa damu nikaambiwa dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva, iko chini, hivyo nina ADHD, yaani tatizo la kukosa umakini na kutotulia linaloanza utotoni. Nimeuziwa virutubisho na vidonge vya madini ya chuma. Nivitumie?

Jibu: Usivitumie kwanza. Huenda una ADHD kweli, ila si karatasi hiyo itakayokuambia.

Dopamini ya kwenye damu haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Ndiyo maana mgonjwa wa Parkinson, ambaye ubongo wake umepungukiwa dopamini, hupewa levodopa, dawa inayovuka na kugeuzwa dopamini ubongoni, wala si dopamini yenyewe. Dopamini uliyopimwa mkononi hutoka zaidi utumboni na kwenye neva za nje ya ubongo. Anayelijua hili akaendelea kuuza kipimo hicho anadanganya watu, na asiyelijua asishike sindano.

Watafiti wamechunguza mengi kwenye damu: BDNF (protini inayosaidia seli za neva kukua), ferritini (protini inayohifadhi chuma mwilini), viashiria vya inflamesheni (mwitikio wa kinga ya mwili). Wastani wa kundi lenye ADHD wakati mwingine hutofautiana kidogo na wa wengine. Lakini wanaume nao kwa wastani ni warefu kuliko wanawake. Nikikupa sentimita 168 tu, utaniambia ni mwanamume au mwanamke?

Damu tunaipima, ndiyo, kutafuta matatizo mengine yanayovuruga umakini: tezi ya thairoidi, upungufu wa damu, vitamini B12. Ferritini nayo hupanda mtu akiwa na maambukizi, kwa hiyo haisomwi peke yake. Na chuma usimeze kwa kubahatisha, maana mwili hauna njia ya kutoa ziada, hujilimbikiza kwenye ini.

Mwone daktari wa magonjwa ya akili. DSM-5, mwongozo wa kutambua magonjwa ya akili, unadai mtu mzima awe na angalau dalili 5 kati ya 9 za kukosa umakini, au 5 kati ya 9 za kutotulia na kukurupuka, kadhaa zikiwa zilianza kabla ya miaka 12 na kuonekana katika mazingira zaidi ya moja. Aliyekulea aulizwe, usingizi wako uchunguzwe. Ni mahojiano marefu, na wauza vipimo wanajua watu hawana subira nayo.

Wanaonitia hofu zaidi ni wanaowaachisha wagonjwa methilfenideti, dawa ya ADHD, eti "viwango vimekaa sawa". Viwango vya nini? Dawa hiyo hufuatiliwa kwa dalili, presha, mapigo ya moyo na uzito.